Mwezi: Tuliyoyasikia na Yaliyoandikwa



Kila mwaka ikifika jioni ya tarehe 29 Shaabani, twapanda juu ya nyumba au twateremka ufuoni, shingo tumezinyoosha upande wa magharibi, tukiutafuta mwezi mwembamba kama ukucha. Watoto wanapiga kelele, "Ule pale!", ukitazama vizuri ni taa ya ndege. Kisha simu zinaanza: huku wameuona, kule hawajauona, na fulani kasema kasikia kwa fulani. Hayo ya kuandama siyagusi, yana wenyewe nao ni maulamaa wetu, na mimi ni mwanafunzi tu. Nataka tuzungumze juu ya mwezi wenyewe: nani aliupima, nani alifika, nani anakwenda sasa, na kwa faida gani.

Lakini kwanza nikiri kosa langu.

Nilipokuwa kidato cha pili nilipewa dakika kumi za kuzungumza kwenye mkutano wa wanafunzi wa Kiislamu pale shuleni. Nikasimulia, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba Neil Armstrong alipotua mwezini mwaka 1969 alisikia adhana, na aliporudi duniani akafika Misri akaisikia tena, akauliza ni nini, akasilimu. Takbiri zilipigwa mpaka mabati yakatikisika. Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu nikaisimulia tena hosteli, mbele ya wenzangu. Mmoja wao, ambaye si Muislamu, akaniuliza kwa adabu tu, "Hiyo umeitoa wapi?" Nikanyamaza. Niliitoa kwenye kanda. Mwenye kanda aliitoa kwa mtu. Na yule mtu, Allahu a'alam.

Kilichoniuma si kushindwa mjadala. Kilichoniuma ni kwamba madrasa nilifunzwa isnadi. Nilikalishwa mkekani nikaambiwa kwamba habari haipokelewi hivi hivi, lazima ujue nani kapokea kwa nani, na kila mmoja katika mnyororo ule awe mtu anayejulikana na kuaminika. Suratul Hujurat nimeihifadhi, na ndani yake mna amri ya kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Sasa mimi huyu huyu nasimama mbele za watu na kisa kisicho na mkia wala kichwa!

Basi nikaenda kutafuta. Kumbe Armstrong mwenyewe alikanusha mara nyingi. Mwaka 1983 habari ilikuwa imeenea kiasi kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilituma taarifa kwa balozi zake katika nchi za Kiislamu kueleza kwamba si kweli, ingawa bwana yule hakutaka kumvunjia heshima mtu yeyote wala dini yoyote. Alifariki mwaka 2012. Tena hata somo la fizikia la sekondari linatosha: mwezini hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haisafiri.

Lakini nilipokuwa nikitafuta hilo, nilikutana na mambo ambayo hakuna aliyewahi kunihadithia, na yote yameandikwa. Nikajiuliza, kwa nini twahangaika na kisa cha kubuni ilhali cha kweli tunacho?

Hebu mchukue Al-Biruni. Usiku wa tarehe 24 Mei mwaka 997 mwezi ulipatwa. Al-Biruni alikuwa Kath, mji wa Khwarazm ambao leo uko Uzbekistan, naye alikuwa kijana wa miaka 23. Umri wetu huu! Alikuwa amekubaliana na Abul Wafa, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja autazame mwezi huo mahali alipo na aandike saa yake. Kupatwa kwa mwezi huonekana kwa wakati mmoja na kila aliye upande wa usiku, ila saa za miji ni mbalimbali. Kwa hivyo walipolinganisha maandishi yao walipata tofauti ya saa baina ya Kath na Baghdad, na kwa tofauti hiyo wakajua mji mmoja uko mashariki ya mwingine kwa kiasi gani. Hakuna simu wala setilaiti. Watu wawili, miji miwili, mwezi mmoja, na karatasi.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwako Cairo mtu aitwaye Ibn Yunus, aliyefariki mwaka 1009. Huyu aliandika kupatwa kwa jua na mwezi kwa uangalifu: siku, urefu wa jua au nyota angani, sehemu iliyofunikwa. Hakujua nani angeyasoma. Zaidi ya miaka 850 baadaye, mwaka 1878, mwanafalaki wa Marekani Simon Newcomb alipokuwa akichunguza mwendo wa mwezi alihitaji vipimo vya zamani vya kuaminika. Akavichukua vya Ibn Yunus. Mabadiliko aliyokuwa akiyatafuta ni madogo mno, hayaonekani katika umri wa mtu mmoja, yanahitaji rekodi ya karne na karne. Isnadi ya Ibn Yunus ilikuwa imekamilika, na mtu wa dini nyingine, bara jingine, akaikubali.

Na mabadiliko hayo ni yapi? Sisi wa pwani tunayaona nusu yake kila siku bila kujua. Mwezi unavuta bahari, ndiyo tunapata bamvua na maji mafu. Maji yale yanayokwenda na kurudi yanaipunguzia dunia kasi ya kuzunguka, kidogo sana, na mwezi nao unasogea mbali kidogo kidogo. Unasogea kiasi gani? Sentimita 3.8 kwa mwaka. Tumejuaje kitu kidogo hivyo kwa umbali wa wastani wa kilomita 384,400? Kwa sababu wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969, kisha Apollo 14 na 15 mwaka 1971, waliacha juu ya mwezi vioo maalum. Mpaka leo wanasayansi hurusha mwanga wa leza kutoka duniani, ukagonga vioo vile ukarudi baada ya sekunde mbili na nusu hivi, wakahesabu. Zaidi ya miaka 50 imepita na vioo bado vinafanya kazi. Ndiyo maana nacheka mtu akiniambia safari zile zilikuwa mbio za Marekani na Urusi tu. Mbio zilikuwako, wala hazifichiki, lakini kuna kilichobaki.

Mwaka 1651 huko Bologna, Italia, kasisi mmoja aitwaye Riccioli alichapisha ramani ya mwezi iliyochorwa na mwenzake Grimaldi. Yale mashimo makubwa ya mviringo, yaitwayo kasoko, akayapa majina ya wanafalaki. Hakuwaacha wa kwetu. Kasoko Albategnius ni Al-Battani. Thebit ni Thabit bin Qurra, ambaye kwa kweli alikuwa Msabii wa Harran, si Muislamu, lakini aliandika kwa Kiarabu akiwa Baghdad. Arzachel ni Az-Zarqali wa Andalusi. Azophi ni As-Sufi, Alhazen ni Ibn al-Haytham. Majina yamepindwa kidogo kama yanavyopindwa majina yetu kwenye vitambulisho, lakini ndio hao. Al-Biruni alipewa kasoko yake baadaye, katika karne iliyopita, na iko upande wa nyuma ambao kwa kawaida hatuuoni kutoka duniani. Watu waliuona kwa mara ya kwanza mwaka 1959 chombo cha Urusi, Luna 3, kilipoupiga picha.

Tuje sasa kwenye Apollo, maana nayo ina mtu ambaye tungemtaja badala ya kisa cha adhana. Farouk El-Baz alizaliwa Misri mwaka 1938, akasoma jiolojia Cairo na Marekani. Kuanzia mwaka 1967 alifanya kazi katika mpango wa Apollo, akawa katibu wa kamati ya kuchagua mahali pa kutua, na akawafundisha wanaanga jinsi ya kuutazama mwezi kutoka juu: jiwe la rangi hii ni la aina gani, mpasuko huu umetokana na nini. Kwa ufupi, walipanda mwezini wakiwa wamesomeshwa na kijana wa Misri. Na baada ya Apollo hakulala. Ujuzi ule ule wa kusoma ardhi kwa picha za angani akautumia kutafuta maji yaliyojificha chini ya majangwa, Misri, Oman, mpaka Darfur. Ndugu yangu unayesoma haya uko Wajir au Garissa, wewe ndiye utaipima faida hiyo kuliko mimi.

Sisi Kenya je? Tupo, tena bila kujua. Kaskazini ya Malindi, pale Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Wavuvi wanayapita kila siku. Ni kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi, ambacho kilirusha setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Walipachagua kwa kuwa pako karibu na ikweta, mahali dunia inapozunguka kwa kasi zaidi, na roketi ikielekea mashariki inapata msukumo wa bure.

Kisa chake na mwezi kinaanza mbali. Mwezi wa Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo huko New Mexico, Marekani, ili kutafuta kama mwezi unatoa miale ya eksirei, ile ya kupigia picha mifupa hospitalini. Roketi ilikaa juu ya hewa dakika chache tu. Ya mwezi hawakuiona. Badala yake wakakuta miale mikali inatoka kwenye kundi la nyota la Nge, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Walikwenda kutafuta mwezi wakarudi na elimu mpya nzima! Ili kuichunguza zaidi ikatengenezwa setilaiti, na setilaiti hiyo ikarushwa kutoka Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru. Mhandisi aliyeuongoza mradi, bibi Marjorie Townsend, akaiita kwa Kiswahili: Uhuru. (Wasichana wenzetu muweke jina hilo kichwani.) Uhuru ilichora ramani ya anga ya eksirei, vyanzo 339, na ikasaidia kupatikana ushahidi wa mwanzo wa shimo jeusi. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mimi nimepita Malindi mara ngapi sijui, na sikuwahi kuambiwa.

Ndipo nikaelewa kitu kuhusu faida za safari hizi. Mara nyingi si ile iliyoandikwa kwenye ombi la fedha. Inatokea baadaye, kwa sharti kwamba kilichopatikana kimehifadhiwa vizuri.

Tazama mawe. Kati ya mwaka 1969 na 1972 watu 12 walitembea juu ya mwezi na wakarudi na kilo 382 za mawe na mchanga. Kila jiwe lilipewa nambari, likapigwa picha, ikaandikwa limeokotwa wapi. Isnadi tupu! Wanasayansi wa wakati huo walipima wakasema mwezi ni mkavu kabisa. Lakini hawakuyatumia yote. Waliweka mengine kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa, wenye vyombo ambavyo havijabuniwa. Mwaka 2008 watafiti wakachukua chembe ndogo za kioo cha volkano zilizoletwa na Apollo, wakazipima kwa vyombo vipya, wakakuta ndani yake alama za maji. Jiwe ni lile lile, jicho ndilo lililobadilika. Na bomba moja la mchanga lililozibwa huko huko mwezini Desemba 1972 lilikuja kufunguliwa Machi 2022. Miaka karibu 50 limekaa kabatini, na hakuna aliyelikosea adabu.

Mwaka 2009 mambo yakashika kasi. Kifaa kilichokuwa ndani ya chombo cha India, Chandrayaan-1, kilionyesha alama za maji kwenye uso wa mwezi. Tarehe 9 Oktoba mwaka huo huo Wamarekani waliangusha kwa makusudi kipande cha roketi ndani ya kasoko Cabeus, karibu na ncha ya kusini, wakalipima vumbi lililoruka. Wakakadiria kilo 155 za maji, mvuke na barafu. Huko nchani jua hupita chini chini kwenye upeo, kwa hiyo chini ya mashimo mengine halijafika kwa mamilioni ya miaka. Baridi yake inashuka chini ya nyuzi 200 za Selsiasi chini ya sifuri.

Basi sasa wote wanaelekea kusini. India ilitua karibu na eneo hilo tarehe 23 Agosti 2023, siku chache tu baada ya chombo cha Urusi kuanguka. China ilikuwa ya kwanza kutua upande wa nyuma, Januari 2019, na Juni 2024 ikaleta kutoka huko gramu 1,935 za mchanga, ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzishika kabla. Safari hiyo hiyo ilibeba setilaiti ndogo ya Pakistan, ICUBE-Q, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na wanafunzi wa chuo, nayo ikapiga picha za mwezi. Imarati walituma gari dogo liitwalo Rashid, likiwa ndani ya chombo cha kampuni ya Japani. Aprili 2023 chombo kikavuka ukingo wa kasoko, kompyuta yake ikachanganyikiwa, ikadhani kimeshafika chini ilhali bado kiko juu kilomita kama 5. Mafuta yakaisha, kikaanguka. Nilisikitika kama nilikichangia mimi. Wamarekani nao wana mpango wa Artemis, uliorusha safari yake ya kwanza bila watu Novemba 2022, na nia yake ni kuwarudisha watu mwezini, safari hii nchani kusini.

Utauliza, maji yale ya nini? Kwanza ya kunywa. Pili, maji ukiyatenganisha unapata oksijeni ya kuvuta na haidrojeni ya kuendeshea roketi, na kila lita unayoipata kule ni lita ambayo hukuibeba kutoka duniani kwa gharama kubwa. Lakini wapo wanaosema, na mimi niko nao, kwamba barafu ile ni kitabu kabla hajawa kisima. Imejikusanya kwa muda mrefu mno, na huenda ndani yake mna habari za vimondo vilivyoleta maji, pengine hata haya ya bahari yetu. Duniani kurasa hizo zimefutwa na mvua, upepo na volkano. Mwezini hakuna cha kuzifuta, ila sisi.

Faida nyingine iko upande wa nyuma, kule kwa Al-Biruni. Dunia yetu ina kelele: redio, simu, televisheni. Mwezi wenyewe ni ukuta unaoizuia kelele hiyo. Antena ikiwekwa kule inaweza kusikiliza mawimbi marefu ya redio ambayo hapa kwetu tabaka la juu la hewa huyazuia, mawimbi ya zamani sana, kabla nyota za kwanza hazijawaka. Uhuru ilitufungulia anga ya eksirei kutoka Ngomeni, na wanaofikiria antena hizi wanataka kufungua anga nyingine ambayo bado hatujaiona. Kuna wanaozungumzia pia heliamu-3 ya kutengenezea umeme duniani. Hiyo mimi siiuzi. Mitambo ya kuitumia kibiashara haipo.

Na mwenye mali ni nani? Mkataba wa mwaka 1967, ambao Kenya imo, unasema hakuna dola inayoweza kuumiliki mwezi. Lakini Marekani mwaka 2015, Luxembourg mwaka 2017 na Imarati mwaka 2019 zilipitisha sheria zinazoruhusu kampuni kumiliki kile zitakachochimba. Yaani shamba si lako ila mahindi ukiyavuna ni yako! Mjadala huu unaendelea sasa hivi, na anayehesabiwa ni yule mwenye mtu wa kukaa mezani: mwanasheria, mhandisi, mjiolojia. Kenya ilianzisha shirika lake la anga mwaka 2017. Wewe uliye kidato cha nne na unapenda fizikia lakini umeambiwa haina kazi, zungumza na mwalimu wako tena.

Kisa cha Armstrong nilikirudia mara mbili hadharani, kwa hivyo nimeona nikirekebishe hadharani. Wale mlionipigia takbiri siku ile, nisameheni.

Sasa, usiku wa saba au wa nane wa Ramadhani, ukitoka tarawehe, azima darubini ya mkononi. Mwezi utakuwa nusu, upande wa magharibi. Ukiuelekea, kusini ni mkono wako wa kushoto. Fuata ule mstari unaotenganisha mwanga na giza, anzia katikati, sogea kidogo kushoto. Utaona shimo kubwa la mviringo lenye kilima katikati, kivuli kimelala ndani yake. Huyo ni Al-Battani. Usiku utakaofuata, jirani yake, atatokea Az-Zarqali. Chukua daftari uandike saa uliyowaona.